Mawe Aliyochonga Marehemu Ombati

Wiki mbili baada ya kunipa saa ya ukutani na kuniombea maisha marefu, vijana walioachiwa stoo yangu walinipigia simu. Nilidhani wamenikumbuka. Kumbe walitaka kujua kwa nini sukari ya ofisi siku hizi iko kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kama ni kweli mimi ndiye niliyeliondoa bakuli la jiwe lililokuwa kwenye meza ya chai tangu wao wakiwa chekechea. Walikuwa wamemuuliza Mama Chai, naye akawaambia wamuulize Makori. Ni kweli, nililiondoa mimi. Nimekaa hapa kwangu Nyamira, nimezungukwa na michai ambayo kwa miaka yote niliyokuwa kazini ilikua vizuri bila ushauri wangu, na nimeona jibu la simu lingekuwa fupi mno. Kwa hiyo naandika. Msitafute humu habari za vyeo. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili nilibaki kwenye kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya utamaduni mjini Kisii, mkubwa wetu wa wakati huo, Bwana Nyakundi, alinikabidhi vitu vitatu: ufunguo, daftari kubwa lenye jalada jeusi, na chupa ya rangi ya kucha. Nilifikiri chupa hiyo imesahauliwa mezani na mgeni. Akanieleza kuwa ndiyo silaha ya mtunza stoo. Unapokea kinyago, unakipindua, unapaka chini yake kipande kidogo cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu. Ikikauka unaandika namba juu yake kwa wino mweusi, halafu unapaka tena juu ya wino. Namba haifutiki kwa jasho la mikono, na jiwe halidhuriki. Namba yenyewe huanza na mwaka kitu kilipopokelewa, kisha mkwaju, yaani mstari wa kuinama, kisha zamu yake katika mwaka huo. Vijana wangu, msidanganywe na mashine zenu za kuchapisha vibandiko. Vibandiko hubanduka mvua ikianza, na kwetu mvua huanza karibu kila siku saa nane.

Chupa hiyo iliniletea taabu zake. Ilipokwisha, nilikwenda kununua nyingine Nyakoe sokoni, mbali kidogo na mjini, ili watu wanaonijua wasinione. Mama aliyeniuzia aliniuliza kama ni ya mke wangu au ya yule mwingine. Nikamwambia ni ya serikali. Alinitazama kwa huruma nyingi. Mke wangu naye aliikuta mfukoni mwa koti, na hakuridhika na maelezo mpaka nilipomleta stoo nikampindulia viboko na twiga mmoja mmoja akasoma namba chini ya matumbo yao. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akininunulia.

Daftari lilikuwa na safu nne: Namba, Kitu, Kilikotoka, na Msanii. Nilimuuliza Bwana Nyakundi nitamjuaje msanii. Akashangaa swali. Aliyekileta si yuko mbele yako, akasema, muulize jina uandike. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote, na niliyafuata kwa uaminifu mkubwa hadi karibu na kustaafu.

Mafunzo ya kweli niliyapata kwa Mama Chai. Aliajiriwa kufagia na kupika chai, na alikuwa mzaliwa wa Tabaka, kule kwenye machimbo ya jiwe laini. Alikuwa akiingia stoo na ufagio, anauegemeza ukutani, anachukua kinyago, anakipindua na kupitisha kidole gumba chini yake taratibu. Halafu anasema hiki ni mkono wa fulani. Ndiye aliyenifundisha kwamba kule Tabaka mwanamume hushika shoka na kisu, akalichonga jiwe, kisha huwatupia wanawake waliokaa na mabeseni ya maji. Wao hulipiga msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, mpaka jiwe linateleza mkononi. Kisha hulitia rangi, hulichora mistari kwa ncha ya msumari, hulipaka nta. Mnunuzi anachokipenda dukani, ule mng'ao na ile mistari, ni kazi ya beseni. Jina linaloandikwa chini ni la shoka. Mama Chai alisema kila mkono una tabia yake, na mistari ya mtu unaijua kama unavyojua kikohozi cha jirani.

Alinifundisha pia kutofunga jiwe lenye nta kwa gazeti. Nilikuwa nimeshamfunga kiboko mmoja. Hadi leo kiboko huyo ana mgongoni tangazo la mtu aliyepotelewa na ng'ombe, na bado yupo kwenye rafu ya tatu, mkitaka kumsoma. Tumieni vumbi la mbao.

Mtaniuliza kama niliandika daftarini yale aliyoniambia. Sikuandika. Nilimsikiliza, nilimheshimu, nikamwambia asante mama, kisha nikaandika jina la aliyeleta. Yeye alikuwa wa chai na mimi nilikuwa wa daftari. Ndivyo mwalimu mkuu mmoja wa Nyamira alivyoingia humo kama msanii mara sita. Alikuwa ametuletea ekee sita, zile sahani zetu za kusuka kwa mabua ya wimbi ambazo ugali hupakuliwa humo. Mwalimu huyo hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Akaja mtafiti kutoka ng'ambo, akasoma daftari langu, akaomba kwenda kumpiga picha bingwa huyo akiwa kazini. Mwalimu mkuu hakutaka kuiaibisha wilaya. Alikaa kwenye kigoda nje ya ofisi yake na mabua mapajani, akiyashika kama mtu aliyeombwa amshikie jirani kuku, na picha hiyo ilining'inia kwenye korido yetu miaka mingi.

Sasa nije kwa Ombati. Ombati wa Tabaka alikuwa mchongaji hodari, na hilo siliandiki kwa kejeli. Alikuwa akifika karibu kila mwezi na gunia begani, anaomba maji ya kunywa, anasalimia kila mtu mpaka askari wa lango, ndipo anafungua gunia. Nilimpenda. Mwaka mmoja alileta mabakuli na ndege, Mama Chai akapitisha kidole gumba chini ya ndege mmoja, akasema huyu si wa Ombati. Nikamwambia ameletwa na Ombati. Akajibu ni kweli, ameletwa na Ombati. Ndipo akanieleza. Mikono ya Ombati ilikuwa imeanza kutetemeka, kisu hakishikiki tena. Mke wake Kerubo, aliyepiga msasa tangu utotoni, alichukua kisu akawa anachonga nyuma ya nyumba, kwenye migomba, naye mume anabeba hadi mjini. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyesema, kwa sababu kisu ni cha mwanamume, na kulisema jambo hilo hadharani ni kumvua mzee nguo barabarani.

Nami sikusema. Niliandika Ombati. Niseme ukweli, wakati huo sikuona ubaya wowote. Niliona namstahi rafiki yangu, na ni kweli nilimstahi. Kwamba kulikuwa na mtu wa pili wa kustahiwa, hilo halikunijia.

Ombati alipofariki, ofisi ilinituma kuiwakilisha mazishini. Nilisoma barua ya rambirambi, nikapewa kiti cha mbele, nikala wali na nyama. Miezi michache baadaye shemeji ya Kerubo alikuja na gunia lilelile. Nilimuuliza msanii ni nani. Akasema hizi ni za kwa Ombati. Kalamu yangu ilikuwa imezoea, ikaandika Ombati. Gunia liliendelea kuja, nami niliendelea kuandika. Nimehudumia wasanii wengi, lakini sijaona mwingine aliyeongeza bidii baada ya kuzikwa kama marehemu huyo. Mkono wake uliacha kutetemeka. Mistari yake ilinyooka. Katika mwaka wa tatu wa kulala kwake kaburini alituletea kazi bora kuliko zote zilizowahi kuingia stoo ile: mwanamke ameinama juu ya beseni, anapiga msasa. Uso hauonekani, lakini mgongo wake peke yake unatosha kukuambia ameamka saa ngapi na nani hajamsaidia. Nilimpaka rangi ya kucha kwa mkono wangu, nikaandika namba. Akawekwa kwenye kabati la vioo mlangoni, na kibao: Kazi ya Ombati, Bingwa wa Tabaka.

Akakaa hapo mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini, alipoingia mwanamke wa makamo mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Alijitambulisha kuwa Moraa, binti wa Kerubo. Yeye naye alikuwa anachonga. Alikuwa ameomba nafasi kwenye banda la kikundi cha wachongaji, mwenyekiti wa kikundi akamwambia kuwa Tabaka haijawahi kuwa na mwanamke mchongaji, arudi kwenye mabeseni na wenzake. Akawaambia mama yake alichonga. Wakamwambia basi alete barua ya ofisi. Alikuja kuchukua barua hiyo.

Nilifanya kama tulivyozoea. Nilifungua daftari, nikalipitia ukurasa baada ya ukurasa huku yeye amesimama, ingawa nilijua fika sitakuta kitu. Kisha nikamwambia daftari halina jina la mama yake.

Moraa alinyoosha kidole kwenye lile kabati la vioo.

"Huyo ni mama," akasema. "Alijichonga mwenyewe. Macho yake inaisha sasa. Kama hamtaandika akiwa hai, mimi nitaonyesha nani?"

Nilimwambia arudi wiki ijayo. Vijana wangu, mnapomwambia mtu arudi wiki ijayo, jueni mnachokifanya. Siku hiyo sikunywa chai, na si kwa sababu ya majuto. Mama Chai alikuwa nyuma ya mlango, alisikia kila neno, na hakuniletea.

Haikupita muda ikaja barua kutoka juu, ikiagiza kila ofisi iwaenzi wasanii wanawake na kuhifadhi urithi wao. Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Omwenga, kijana mwenye tai na moyo wa haraka, aliunda kamati siku hiyohiyo. Ilikuwa na wanaume saba. Mwanamke alikuwepo pia, aliingia na thamosi saa nne na tena saa kumi. Kamati iliniita na daftari langu ili kuwatambua wasanii hao. Tulilisoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatukumpata hata mmoja, isipokuwa pale nilipoandika "kikundi cha akina mama" bila kuuliza akina mama gani. Baada ya majadiliano marefu kamati ikafikia uamuzi kwamba wanawake wetu hawajakuwa wasanii, ila wamekuwa nguzo za wasanii, na kwamba nguzo nazo zina haki ya kuenziwa. Atafutwe mjane wa msanii mkubwa. Nani mkubwa kuliko Ombati, mwenye kazi nyingi kuliko mtu yeyote daftarini? Ikapitishwa kuwa Kerubo apewe cheti cha Mwenzi Bora wa Msanii, leso, na sufuria ya ukubwa wa kati. Tisheti zichapishwe zenye picha ya Ombati.

Hapo niliinua mkono. Nilisema huenda mama huyo naye alichonga. Bwana Omwenga akaniuliza kwa upole daftari linasemaje. Nikasema linasema Ombati. Akauliza daftari ni la nani. Nikasema ni langu. Akauliza kama basi ninajipinga mwenyewe. Nikashusha mkono. Nilikuwa nimebakisha miezi minne, na mtunza stoo anayesema daftari lake lina makosa huulizwa tangu lini. Niliogopa, sina neno jingine la kuliita. Mama Chai alikuwa akinimiminia wakati huo. Alifika nusu ya kikombe akaenda kwa mtu mwingine.

Sherehe ilipangwa Jumamosi na wafadhili wa Nairobi, watu wasiojua kuwa huku kwetu Wasabato ni wengi, na siku hiyo nusu ya wasanii, na kamati karibu yote, wako kanisani tangu asubuhi. Ikahamishiwa Alhamisi. Mahema yalisimamishwa nje ya ukumbi, mgeni wa heshima akachelewa inavyostahili, na wazungumzaji wanane wakaeleza umuhimu wa kuwapa wanawake nafasi ya kuzungumza. Mwanamke wa kwanza kushika maikrofoni alikuwa yule aliyeipangusa vumbi. Wa pili alikuwa Kerubo, karibu na saa tisa, mawingu yakiwa yameshajaa.

Alikuja ameshikwa mkono na Moraa, mwembamba, amenyooka. Mbele yake juu ya meza, katikati ya maua, walikuwa wamemweka yule mwanamke wa beseni. Kerubo alivishwa leso, akapewa cheti, sufuria akashikiwa. Mwendesha sherehe akamwambia atoe neno la shukrani, na Bwana Omwenga akamnong'oneza kuwa liwe fupi.

"Nashukuru," Kerubo alisema. "Bwana yangu alikuwa mtu mzuri. Hii mawe alibeba kwa bega mpaka hapa, na hata siku moja hakunisumbua nikichonga. Sikutaka watu wamcheke, ndio maana nilinyamaza. Sasa yeye amelala. Hakuna mtu atamcheka tena."

Watu walipiga makofi kidogo, wale ambao hawakuwa wamesikia vizuri. Kisha akauliza, "Makori ako wapi?"

Nilisimama nyuma ya meza ya vyeti.

"Wewe ulikuja matanga yake?"

"Nilikuja, mama."

"Ukasoma barua ya ofisi."

"Nilisoma."

"Na ukakula."

"Nilikula, mama."

Watu walicheka. Alingoja wamalize.

"Pindua hiyo mawe. Usome namba, anza na mwaka."

Ningeweza kusema sina miwani, lakini ilikuwa puani. Nilizunguka meza, nikamlaza yule mwanamke wa jiwe mkononi mwangu, nikaona mwandiko wangu chini ya rangi ya kucha, safi kama nilivyouandika. Nikausoma kwenye maikrofoni. Watu wa Tabaka, waliokuwa wamejaza hema zima la kulia, wote walikuwepo kwenye mazishi yale. Niliwaona wakihesabu, wengine kwa vidole. Kicheko kilikatika safu baada ya safu, na mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

"Sasa niambie," Kerubo akasema bila kupandisha sauti. "Hiyo alichonga lini?"

Nilitazama meza ya kamati. Kule nyuma kabisa Mama Chai alikuwa ameshika thamosi na anaikagua kana kwamba hajawahi kuiona. Ndipo nilipoelewa ni nani aliyemweleza Kerubo habari za namba zinazoanza na mwaka.

"Hakuichonga yeye, mama," nikasema. "Umeichonga wewe. Niliandika vibaya, na nilijua."

Niliona aibu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu, tena mbele ya mke wangu, aliyekuja amevaa tisheti. Kerubo aliniomba nimpe jiwe lile. Alilipapasa mgongo, akarudisha, akasema neno moja tu kwa lugha ya nyumbani, "Mbuya," ndiyo kusema ni vyema, akaenda kuketi.

Bwana Omwenga ni mtu wa haraka, nimeshasema. Alichukua maikrofoni kabla ukimya haujazoeleka, akatangaza kuwa ofisi imelijua jambo hili siku zote, na ndiyo sababu hasa ya kumwalika mama huyu. Akapigiwa makofi mengi. Cheti hakikubadilishwa kwa kuwa kilikuwa kimeshatiwa plastiki. Kamati iliunda kamati ndogo ya kuchunguza suala la majina, ambayo hadi nastaafu ilikuwa inatafuta siku inayowafaa wajumbe wote. Tisheti ziligawiwa kama zilivyo. Yangu nalalia, na kila asubuhi marehemu Ombati ananitazama kutoka kwenye kioo, bila kinyongo naamini.

Barua ya Moraa niliiandika kesho yake. Ilikuwa na mistari mitatu na mhuri: namba ya kitu, kitu chenyewe, na kwamba kimechongwa na Kerubo wa Tabaka. Kikundi kilimpa nafasi bandani, pembeni kabisa, mahali paa linapovuja. Alinipigia kuniambia kuwa mvua ikinyesha anasogea, na wao wanasogea pia.

Ikabaki daftari. Sheria ya daftari mnaijua, hakuna kufuta. Unapiga mstari mwekundu kwa rula, neno la zamani libaki linasomeka, unatia sahihi pembeni. Nilipiga mstari juu ya neno "Msanii" katika kila ukurasa, nikaandika "Aliyeleta". Kisha nikachora safu ya tano kwenye nafasi iliyobaki ukingoni, nyembamba kuliko zote, nikaiita "Aliyetengeneza". Nikamwomba Mama Chai aketi. Aliketi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameketi ndani ya stoo ile. Nilikuwa nampa kitu, anakipindua, anapitisha kidole gumba, anataja jina, naandika. Asipojua, tuliandika "bado tunauliza", na tukaenda kuuliza kweli. Tulikwenda Ogembo, tukaja huku Nyamira. Yule mwalimu mkuu wa ekee, sasa mstaafu kama mimi, alitupeleka mwenyewe kwa mama mkwe wake, msukaji wa zile ekee, akasimama mbali kidogo kwa heshima inavyotakiwa. Mwalimu alituambia kuwa siku zote alikuwa anangoja mtu amuulize.

Tulifika pia kwa Kerubo na masanduku ya vitu vyote vilivyoandikwa Ombati, vimezikwa katika vumbi la mbao. Macho yalikuwa yamekwisha, akavitambua kwa vidole. Kimoja kimoja alikuwa akisema changu, changu, changu. Akafika kwenye chui mmoja na bakuli moja la zamani, akasita, akatabasamu. "Hizi ni zake. Mwandike yeye," akasema. Tukamwandika Ombati katika safu zote mbili. Nadhani hiyo ndiyo heshima ya kwanza ya kweli niliyompa rafiki yangu kwa kalamu.

Siku yangu ya mwisho tulimaliza saa tisa na nusu. Mama Chai alikwenda kuleta chai, akaweka mezani vikombe viwili na lile bakuli la sukari. Mkono wangu ulikuwa umezoea kupindua vitu kwa majuma mengi. Nilimwaga sukari kwenye sahani, nikalipindua bakuli. Halikuwa na namba. Lilikuwa na mistari ya msumari kuzunguka ukingo, imelala kidogo upande wa kushoto, yote pamoja, bila hata mmoja uliopotea njia. Nimechota sukari humo kazini maisha yangu yote.

"Hili ni la nani?" nikauliza.

"Langu," akasema huku anamimina. "Nilipoanza kazi, hamkuwa na pa kuweka sukari."

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Niliandika namba. Niliandika kitu: bakuli la sukari. Niliandika kilikotoka: meza ya chai. Nikafika safu ya aliyeleta, kalamu ikasimama. Nilijua alikozaliwa. Nilijua kidole gumba chake, hasira zake, na kwamba hapendi tangawizi. Kwa miaka yote hiyo nilimwita Mama Chai, na Bwana Nyakundi alimwita Mama Chai, na Bwana Omwenga pia. Sikujua jina lake. Yeye alijua kwamba sijui. Alijimiminia chai yake, akakoroga, akaniacha pale na kalamu yangu.

"Jina lako ni nani, mama?" nikauliza mwishowe.

"Yunuke Bosibori," akasema. "Andika."

Niliandika mara mbili, safu ya nne na safu ya tano. Nikapaka rangi ya kucha, nikangoja ikauke, nikatia wino, nikapaka tena. Na kitu kikishapata namba, sheria ni kwamba kinakwenda rafuni, hakitumiki tena kwa sukari wala kwa kitu kingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyechukua kopo la mafuta ya kupikia, akalisuuza, akamimina sukari humo.

Kwa hiyo, vijana, livumilieni hilo kopo. Aliyewaambia mniulize mimi amebakiwa na mwaka mmoja kazini. Kesho saa nne akiingia na thamosi, jina lake sasa mnalo.